Kiganja Kifuani, Penalti Ikafutwa

Filimbi ilikuwa imeshalia na mkono wa refa umeshaelekezwa kwenye alama ya penalti. Washambuliaji wawili walikuwa wanagombania mpira, kila mmoja akitaka apige yeye. Kwa mechi ya mchangani huku Mwendakulima, jirani na uliokuwa mgodi wa Buzwagi, ambako watazamaji husimama hatua moja tu nje ya mstari, jambo likifika hapo huwa limekwisha. Lakini refa aligeuza shingo kumtazama mshika kibendera, na mshika kibendera hakufanya kitu. Hakupunga, hakuita. Kibendera kilikuwa kimelala pembeni ya paja la kulia, na kiganja cha kushoto kimetulia kifuani kama cha mtu anayetafuta pumzi.

Refa akamfuata. Wakasimama bega kwa bega, nyuso zote mbili zikitazama uwanjani, wakasemezana kidogo. Penalti ikafutwa, ikawa faulo nje ya boksi. Upande mmoja ulishangilia, wa pili ukaanza kutaja bahasha. Mimi kilichonikaa kichwani ni kile kiganja.

Nilimkuta mwenyewe baada ya mechi akikunja kibendera chake, kitu cha kushonewa: kitambaa chekundu na cha njano kutoka kwa fundi cherehani wa Kahama mjini, mpini wa bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, uliozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili mkono usiteleze kwa jasho. Ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa bado anapangiwa mechi za wilaya, na mwamuzi anayezoeana sana na waandishi huweza kusahauliwa kwenye ratiba.

Kiganja kifuani, alinieleza, hakimo kwenye sheria kumi na saba za soka. Ni cha kwao. Hukubaliana katika kikao cha waamuzi kabla ya mechi, ambacho hapa hufanyika chini ya mwarobaini huku timu zikipasha misuli. Kwa watu wake, kiganja kifuani maana yake ni “subiri, usianzishe, nina neno.” Kugusa mfuko wa kifuani ni kumkumbusha refa kadi ya njano. Kugusa mfuko wa nyuma ni nyekundu. Kidole kinachoelekezwa chini, karibu na paja, humwambia refa mpira wa kurusha ni wa nani pale anapoonekana kusita. Refa mwingine akija na alama zake, wanapatana upya.

Nilimuuliza kwa nini kifuani. Akasema alitafuta alama ambayo haifanani na ishara yoyote ya kibendera, na ambayo mchezaji akiiona ataipuuza. Ukiinua mkono, wachezaji kumi na wawili wanakuja kwako. Ukishika kifua, wanadhani umechoka.

Uharaka wa alama hiyo unatokana na Sheria ya Tano. Refa anaruhusiwa kubadili uamuzi akigundua amekosea, au akishauriwa na msaidizi wake, mradi mchezo haujaanzishwa upya. Mpira ukishapigwa, hata kama waamuzi wote wameona kosa, imekula kwao. Kwa hiyo kazi ya mshika kibendera ina sehemu mbili, kuona na kuonwa, na bwana huyu anasema ya pili ndiyo inayomkosesha usingizi.

Tuchukue ile faulo ya boksi. Maelekezo rasmi yanasema kosa likifanyika ndani ya eneo la penalti na refa hakuliona, msaidizi ainue kibendera, kisha asogee kwenye mstari wa pembeni kuelekea kibendera cha kona. Likifanyika nje, asogee kwenye mstari huohuo kuelekea katikati ya uwanja. Miguu ndiyo inayosema. Hata kwenye bao ni hivyo: likiwa halali, msaidizi hukimbia kidogo kuelekea katikati ya uwanja, akiwa na shaka, husimama tuli. Mtazamaji anaona mtu amesimama tu, kumbe amesimama kwa makusudi na refa anamsoma.

Tatizo ni kwamba mistari ya boksi hapa huchorwa kwa majivu. Kipindi cha pili kikifika, upepo na njumu vimeshaifuta nusu yake. Sasa wewe umejuaje kwamba kijana aliangushwa nje? Hapo akanivuta hadi pembeni ya uwanja kunionyesha. Kabla ya mechi, majivu yakiwa bado mabichi, husimama sambamba na mstari wa boksi na kukwangua ardhi kwa kisigino, nje kidogo ya mstari wa pembeni. Alama yenyewe haizidi urefu wa kiatu. Mstari wa ndani ukifutika, yeye bado ana wa kwake. Hakuna aliyemfundisha hilo, na ninavyojua halimo katika kozi yoyote.

Kabla ya soka alikuwa na kazi nyingine ya ishara. Buzwagi, ambayo Watanzania wengi tulilisikia jina lake mwaka 2007 Zitto Kabwe aliposimamishwa ubunge kwa hoja ya mkataba uliotiwa saini London, ilianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na kufungwa 2021. Katika miaka hiyo yeye alikuwa mwongoza malori kwenye lundo la mawe taka. Lori la mgodini likija kumwaga hurudi nyuma hadi ukingoni, na dereva, aliyekaa juu kama aliye kwenye paa la nyumba, haoni kilichoko nyuma yake. Anamwona mwongozaji tu kwenye kioo. Honi moja, anawasha injini. Mbili, anakwenda mbele. Tatu, anarudi nyuma.

“Kule dereva asiponiona kwenye kioo anasimama,” alisema. “Hapohapo, hata kama amebakiza mita moja. Huku refa asiponiona, anaendelea.”

Wenye fedha wamejaribu kuliziba pengo hilo. Vipo vibendera vyenye kitufe: msaidizi akikibonyeza, mkono wa refa unatetemeshwa na kifaa alichofunga. Vipo vifaa vya masikioni, vilivyotumika Kombe la Dunia la 2006, na siku hizi tunaviona hata katika mechi zetu kubwa. Kisha ikaja VAR, iliyoingizwa katika sheria za mchezo mwaka 2018. Kwenye ligi ya wilaya, kifaa ni shingo ya refa: anageuka au hageuki.

Si huku tu. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, Wembley, iliamuliwa kwa shingo vilevile. Shuti la Geoff Hurst liligonga mtambaa panya, likadunda chini, likatoka. Refa Gottfried Dienst, Mswisi, akamwendea mshika kibendera Tofiq Bahramov, mtu wa Azerbaijan, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovyeti. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Bahramov akatikisa kichwa kukubali, akaelekeza katikati, na England ikapata bao la tatu. Leo kuna uwanja kule Baku wenye jina lake. Wajerumani bado hawajaridhika.

Na kwetu? Aprili 5, 2024, Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga lilifanya karibu yaleyale mbele ya Mamelodi Sundowns: mtambaa panya, chini, nje. Safari hii VAR ilikuwepo. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakwenda kwenye skrini, bao halikuwepo, na Yanga ikatolewa kwa penalti. Nchi nzima iliangalia picha za marudio kwa siku kadhaa, lakini yaliyosemwa kwenye sikio la refa sisi watazamaji hatukuyasikia. Ni kiganja kifuani kilekile, ila cha gharama kubwa.

Ndipo bahasha inapozaliwa, kwa maoni yangu. Oktoba 1, 2016, Amissi Tambwe wa Yanga aliifunga Simba bao ambalo Wanasimba waliapa aliuweka mpira sawa kwa mkono. Refa Martin Saanya alilikubali, Jonas Mkude akatolewa kwa kadi nyekundu, na viti vya Uwanja wa Taifa vikang'olewa. Shiza Kichuya alisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, lakini wanaoikumbuka mechi ile hawaanzi na kona. Watu hawakuvunja viti kwa sababu tu refa hakuona. Walivunja kwa sababu walidhani ameona.

Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, refa aliyetoka kwenye skrini alitangaza uamuzi wake kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikia. Nilimuuliza kaka huyu kama angelipenda hilo. Alicheka sana. “Kipaza sauti hapa Mwendakulima? Nikishasema ilikuwa nje ya boksi, ndugu mwandishi, natokea mlango gani?” Uwanja wenyewe hauna ukuta, achilia mbali mlango. Ndiyo sababu, alisema, wakisemezana hutazama uwanjani: maelekezo yanataka hivyo ili wachezaji wasisikie na vurugu zisitokee nyuma yao, lakini mchangani ina faida ya pili. Watu walio nyuma ya mgongo wako hawakusomi midomo.

Kisha, bila kuulizwa, akaleta mechi nyingine. Mshambuliaji alikuwa ameotea waziwazi, akafunga. Yeye akainua kibendera na kukiacha juu. Refa alikuwa ameshageuka, anakimbilia katikati akiwa amempa mgongo. Msaidizi wa upande wa pili, ambaye angeinua chake ili refa ashtuke, alikuwa ametazama ugomvi wa mabeki. Kiganja kifuani kingesaidia nini kwa mtu asiyekutazama? Maelekezo yanamruhusu msaidizi kuingia mita mbili tatu uwanjani kuzungumza na refa, siyo kumkimbiza. Alibaki mstarini, kibendera juu, watoto nyuma yake wakipiga kelele kwamba refa hajaona. Mpira ukaanzishwa katikati. Akakishusha.

Timu iliyofungwa ilimzonga yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Waliosimama mbali walisema hakuinua kabisa. Ripoti ya mechi iliandika matokeo, kadi na muda. Hakuna safu ya kibendera kilichoinuliwa kisionwe.

Nilimuuliza kama leo angeingia. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mgodini, alisema, angepiga kelele, angerusha kofia, angefanya lolote, kwa kuwa pale kuna mtu anakufa. Hapa hajui. Akiingia na akawa sahihi, amemwaibisha refa mbele ya watu na huenda wasipangwe tena pamoja. Asipoingia, timu moja imedhulumiwa na yeye anajua.

Jumamosi inayofuata amepangwa na refa yuleyule. Kwenye kikao atamwomba jambo moja: bao likiingia, kabla ya kuelekeza katikati, amtazame. Nilitaka kujua kama hajawahi kuliomba hilo kabla.

“Huwa naomba kila mechi,” alisema.