Umeme wa Kutoa Sumu Majini

Wanachama, Gulwe ya Mpwapwa ni mbali na mikarafuu yetu, lakini shida ya kisima ni moja. Huko mto Kinyasungwe hufurika hata ukazoa tuta la reli. Kiangazi hukauka, na watu wa Ugogo huchimba maji mchangani. Dawa ya wadudu iliyomwagwa shambani yaweza kushuka mpaka humo.

Wataalamu wana njia ya kuiondoa. Vipande viwili vya madini hutiwa majini, umeme ukapitishwa. Penye kimoja maji yenyewe huzaa kitu kikali kinachovunjavunja sumu. Kipande kikiwa cha chuma, huliwa polepole kikafanya kutu, nayo huzama na sehemu ya uchafu. Ila majini mkiwa na chumvi, kama visima vingi vya Dodoma, huzalika klorini, na hiyo ikishikana na mabaki ya dawa huweza kufanya sumu nyingine. Kwa hiyo maji hayana budi kupimwa kabla na baada. Si kazi ya betri ya gari na misumari miwili!

Tena mtambo huo husafisha maji tu. Vikuge, Kibaha, dawa zilizoletwa kutoka Ugiriki mwaka 1986 zilikaa bandani mpaka banda likaanguka. Miaka mingi baadaye DDT ilikutwa bado udongoni.