Duka la zamani halitaki saruji

Mimi ni mwashi, kwetu Mikese, mkoani Morogoro. Mtu akiniita nikatazame duka la zamani linalomeguka ukuta, swali langu la kwanza ni moja: nani alilipiga lipu ya saruji?

Maduka haya ni watoto wa reli. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipopita Mikese mwaka 1871 akielekea Simbamwene, Morogoro ya leo, mizigo yake ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi na migongoni mwa punda. Kwa usafiri huo nani angeleta mabati ya kuezeka duka zima? Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907. Mabati yakaanza kushushwa stesheni, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka kando ya njia.

Ramani ya maduka haya karibu ni ile ile kila mahali. Mbele kuna baraza lililoinuliwa, paa likishuka juu yake hadi kwenye nguzo. Hapo ndipo fundi cherehani alipotandika kazi yake, na mkulima aliyetoka milimani akatua mzigo kivulini, akasalimiana na watu, ndipo akaulizia chumvi na mafuta ya taa. Nyuma ya kaunta ni ghala, kisha vyumba vya familia, mwisho ua na jiko. Mwenye mali alilala na mali yake. Fremu tunazojenga siku hizi zina mlango wa chuma na mteja anasimama juani. Eti za kisasa.

Sasa ukuta. Kuta nyingi ni za mawe na udongo, juu yake chokaa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na chokaa huuachia utoke ukauke. Saruji huuziba. Udongo unalowa ndani kwa ndani, lipu inavimba, ukiigonga inalia utupu, na siku ikidondoka inaondoka na ukuta.

Dawa yake si ghali, inataka subira tu. Chokaa izimwe kwa maji, ilazwe wiki kadhaa, ichanganywe ndoo moja kwa tatu za mchanga, ipakwe nyembamba nyembamba huku ikinyunyiziwa maji isikauke haraka.

Mwenye duka la namna hii, usingoje masika. Gonga ukuta wako leo, na fundi akija na mfuko wa saruji, mrudishe.