Msukule Hang'ati Mtu

Sauti ilitoka benchi la nyuma, ya mwanamke, na haikuwa na utani hata chembe: "Msukule hang'ati mtu!" Mtafsiri akanyamaza na maiki mkononi. Kwenye televisheni wafu wa sinema ya Resident Evil waliendelea kuwaparamia walio hai na kuwatafuna, lakini kibandani hakuna tena aliyewatazama. Watu walikuwa wameanza kuguna kumuunga mkono yule mama.

Kisa hicho kilitokea zamani kidogo, enzi za CD za sinema nyingi kwenye sahani moja, katika kibanda kimoja cha video jirani na soko la Tukuyu. Mimi sikuwapo. Nilisimuliwa na mtafsiri mwenyewe tulipokuwa tunazungumzia mambo mengine kabisa, nadhani bei ya parachichi, naye akakitaja kama mtu anavyotaja deni la zamani. Tangu hapo hakijanitoka. Kwa nini mtu aliyelipa kiingilio chake, aliyekuja kutishwa, akatae kutishwa kwa sababu mfu aliyeletewa si mfu sahihi?

Kibanda umiza hakihitaji utambulisho kwa msomaji wa gazeti hili, wala watafsiri wake hawahitaji. Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la Lufufu, alisambaa hadi huku kwa kanda zake. Karishika, ile picha ya Kinaijeria ya binti wa kuzimu, wengi wetu tuliijua kwa sauti yake. Huyu wa Tukuyu hakuwahi kusambaa. Alitafsiri papo kwa papo, mubashara, na kila usiku kazi yake iliishia pale pale ilipotamkwa. Ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa siku hizi ni mzee wa kanisa. Nitamwita Mtafsiri.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ya huku ikipiga bati husikii hata mtoto akilia pembeni yako. Sinema yenyewe ilikuwa haisikiki. Mayowe, muziki wa kutia hofu, mlango unaolia polepole, vyote vilizama. Kilichobaki ni picha na mwanamume mmoja akipaza sauti kuushinda mvumo. Kwa hiyo aliyewatisha watu wa Tukuyu, usiku hadi usiku, hakuwa Hollywood.

"Ukishika maiki, mwandishi, wewe ndiye unayejua," aliniambia. "Watu wanataka uwaambie yule Mzungu anasema nini, steringi ni nani, adui ni nani. Nikaona wafu wanatembea, nikasema misukule. Neno lipo, nihangaike kwa nini? Yule mama akanikatalia mbele ya kibanda kizima. Na alikuwa na haki."

Nikamwomba anieleze haki hiyo, naye akasogeza kiti.

"Msukule hufa ghafla. Leo mmemwona sokoni, kesho matanga. Mnalia, mnaosha, mnazika, kumbe mmezika mgomba. Na hapa kwetu mgomba ni kitu cha kutafuta? Uko kila uani. Mwenyewe amefichwa. Amekatwa ulimi asije akamtaja mtu. Anakula pumba. Usiku anatolewa anakwenda kulima shamba la aliyemchukua, alfajiri anarudishwa uvunguni. Hana njaa ya nyama ya mtu, hana hasira na mtu. Amechoka tu."

Alirudia mara mbili, polepole, lile la kuchoka.

"Yule wa sinema unamkimbia. Huyu unamhurumia. Ukikutana naye njiani usiku, hofu yako si kwamba atakula. Hofu yako ni kwamba utamfahamu. Utamwona ni shangazi yako uliyemzika mwaka juzi, amebeba jembe, naye hawezi kukusemesha. Sasa mimi nilimchukua mtu kama huyo nikampa meno. Yule mama alikuwa amefiwa miezi michache nyuma. Nilijua baadaye."

Nimesikia hadithi za misukule tangu utotoni, kama kila Mtanzania. Zimechapwa kwa mfululizo kwenye magazeti ya udaku, zimechezwa kwenye filamu za Bongo, na kanisa la Ufufuo na Uzima la Josephat Gwajima lilijipatia jina kubwa kwa kuhubiri kurudishwa kwa misukule. Lakini sikuwahi kuitazama kwa jicho hili, kwamba kiini chake ni kazi. Mtu anaogopa kufa halafu asipumzike. Hata walio hai wanaguswa: ni wangapi huamka viungo vikiwauma, wakasema kwa sauti ya kweli kabisa kwamba usiku walilimishwa?

Na hapo ndipo benchi la nyuma la Tukuyu linapokutana na mahali ambapo halikuwahi kufika. Zombi wa kwanza hakuwa mla watu. Alitoka Haiti, nchi iliyojengwa na watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya miwa, na kule zombi ni mfu aliyefufuliwa ili afanyishwe kazi. Mmarekani William Seabrook aliiuzia dunia habari hiyo katika kitabu chake The Magic Island cha mwaka 1929, akisimulia wafu walioletwa kukata miwa ya kampuni ya sukari huku ujira wao ukienda kwa aliyewaleta. Walilishwa chakula kisicho na chumvi. Siku walipoonjeshwa vitamu vyenye chumvi walitambua kwamba wamekufa, wakashika njia kurudi makaburini kwao. Mwaka 1932 ikatoka White Zombie, sinema ya kwanza ndefu ya wafu hao, na mazombi wake wanasukuma kinu cha kusaga miwa. Meno yalikuja baadaye sana, mwaka 1968, George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead huko Pennsylvania, sinema ambayo ndani yake neno zombi halitamkwi hata mara moja. Baada ya Romero dunia nzima ikakubali mfu ni wa kung'ata, mpaka Wakorea wakampandisha treni katika Train to Busan ya mwaka 2016, na vijana wa Tukuyu sasa wanamtazama anavyokimbia kwenye simu zao.

Yule mama hakuwa amesoma Seabrook. Alijua tu kwamba mfu wa kulimishwa ni jambo zito kuliko mfu wa kung'ata, na alilijua kwa uhakika wa mtu anayeishi kwenye wilaya ambayo kwa vizazi wanaume wake walikwenda kazini mbali. Walikwenda Lupa, kule Chunya, wakati wa dhahabu katika miaka ya 1930. Wakavuka mpaka wa Tunduma kwenda migodi ya shaba. Wengine hawakurudi.

"Babu yangu alirudi," Mtafsiri alisema. "Lakini bibi alikuwa akisema waliyemrudishia si yeye. Anakula, ananyamaza, anakwenda shamba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni utani wa wazee."

Alipoonyesha tena Resident Evil aliibadilisha. Akagundua kitu ambacho awali alikuwa amekiruka kwa haraka ya kufikia mapigano: wale wafu ni wafanyakazi. Walikuwa wameajiriwa katika maabara iliyo chini ya ardhi, kampuni ikawafungia milango na mtambo wake ukawaua humo humo, ndipo wakaamka. Akaanza kuwatajia watazamaji kazi ya kila mmoja. Huyu alikuwa fundi. Huyu alikuwa karani, tazama bado amevaa tai. Huyu dada alikuwa mhudumu, alibakiza siku moja aende likizo. Hayo ya likizo aliyatunga mwenyewe. Hakuwaita misukule tena, aliwaita "waliofia kazini", na anasema usiku ule kibanda kilikaa kimya mpaka mwisho, watu hawakupiga kelele hata steringi alipoponea chupuchupu.

Naiona hiyo kuwa kazi ya sanaa kubwa, na inaniuma kwamba hakuna aliyeinasa kwa kinasa sauti.

Kisha kuna Anaconda. Sinema hiyo ya mwaka 1997, ya Jennifer Lopez na Ice Cube, ilirudiwa kibandani mpaka CD ikachubuka. Karibu na mwisho, adui, anayechezwa na Jon Voight, anakabwa na nyoka, anabanwa mpaka mifupa inalia, anamezwa kuanzia kichwani, na sisi tunaona kutokea kooni mwa nyoka jinsi uso unavyokuja gizani. Baadaye nyoka anamtapika. Anadondoka mbele ya Lopez, mwili umelowa utelezi mweupe, nusu maiti. Halafu anamkonyeza. Jicho moja, mara moja.

Nimeitazama mahali pengine na watu wakicheka hapo. "Hapa hawakucheka," Mtafsiri alisema. "Wazee waliinuka. Mmoja alivaa kofia akaondoka. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nikayameza. Wazungu wamemweka mtu ndani ya nyoka. Sisi wazee wetu walituambia nyoka yumo ndani ya mtu. Sasa huyu ametoka tumboni mwa nyoka, anakonyeza. Anamkonyeza nani?"

Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa urefu juu ya nyoka huyo wa ndani ya mtu katika Good Company, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Kwa imani aliyoikuta, mchawi hubeba chatu tumboni, na chatu ndiye anayemtia uchu wa nyama na maziwa na kumtuma usiku kuwala watu kwa ndani. Kulikuwa pia na walinzi wa kijiji waliowaona wachawi ndotoni na kupambana nao, na nguvu yao ilikuwa ya jinsi ile ile. Fikiria hilo: mlinzi na mshambuliaji wana silaha moja. Hakuna sinema ya viumbe vya kutisha niliyoiona iliyothubutu kwenda mbali kiasi hicho. Mussa Banzi wa Dar es Salaam alikaribia, pengine. Filamu yake ya kutisha ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliipa jina Nsyuka, jina ambalo hapa halihitaji mkalimani, maana Wanyakyusa wafu wao huwaita abasyuka. Mtafsiri aliionyesha bila kutafsiri chochote. Anasema ndio usiku pekee aliokaa kwenye benchi kama mteja.

Watoto waliochungulia kwenye nyufa za mbao, na wale walioingia kihalali, walimfuata kesho yake na swali moja: ni kweli? Alikuwa na jibu lake, na alilitoa mlimani. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS walikuwa wakiwahoji wanavijiji wa chini ya Mlima Rungwe kuhusu wanyama wa msituni, na wakatajiwa kipunji. Tatizo ni kwamba katika masimulizi hayo wanyama wa damu na nyama na wanyama wa hadithi walitajwa kwa pumzi moja, kwa hiyo haikuwa wazi kipunji ni wa upande upi. Desemba mwaka huo wakamwona vizuri: kima mkubwa wa hudhurungi, uso mweusi, kishungi cha nywele kichwani, sauti kama ya kubweka kwa ndani. Mwaka 2005 alitangazwa katika jarida la Science, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika baada ya miaka 83.

"Nawaambia, kipunji naye alikuwa hadithi," alisema. "Basi. Sisemi zaidi."

Nilimbana kidogo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa huu wa Mbeya ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Kwingineko nchini bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mtu anayemwambia mtoto "pengine ni kweli" amebeba moto kwenye kiganja. Hakukasirika. Wakati wa habari za ngozi, alisema, aliacha kuonyesha picha za kutisha kabisa, kibanda kikaishi kwa mpira na Wahindi. Aliporudi alirudi na masharti yake. Katika simulizi zake mwenye misukule hatoki kijiji chochote kinachojulikana. Hawi jirani. Na hawi bibi, kamwe. "Nikimfanya bibi, kuna mtoto atakwenda nyumbani amtazame bibi yake vingine. Mimi sitakuwepo kumtafsiria."

Ninamheshimu sana kwa hilo. Bado najiuliza kama linatosha. Hadithi isiyotaja mtu huacha nafasi wazi, na nafasi wazi kila msikilizaji anaweza kuijaza kwa jina alilonalo tayari moyoni.

Nilipokwenda tena nilimpelekea White Zombie kwenye flash. Hakuwahi kuiona. Tuliitazama sebuleni kwake, mkewe akitupitishia chai, mpaka kwenye kinu. Watu wale wanakwenda kwa mstari na makapu ya miwa kichwani, macho hayana kitu, wengine wanasukuma gurudumu kubwa linalolia kwa kukosa mafuta. Mmoja anateleza, anaangukia ndani ya kinu. Hakuna anayegeuka. Kinu hakisimami.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Mkewe alikuwa amesimama na birika. "Hao ndio wenyewe," alisema, akaenda zake jikoni.

Mtafsiri anataka kuionyesha, ingawa picha haina rangi na vijana wanaweza kudai kiingilio chao. Ameshaanza kupanga maneno. Sukari ndiyo inayomsumbua. Hawezi kusema ni Kilombero wala Mtibwa, kwa sababu atakaowaambia wana ndugu zao kule. "Itabidi niseme Haiti, kama ilivyo," alisema. "Lakini watu wa kwetu nawajua. Wataniuliza Haiti ni kabla ya Tunduma au baada ya Tunduma. Halafu yule mama wa benchi la nyuma, maana bado yupo, atauliza kama waliokwenda huko walitoka kwetu. Nimjibuje, mwandishi?"