Si kila divai nyekundu hunoga kwa kukaa

Mnywaji wa tembo la mnazi hana haja ya kuambiwa kwamba kinywaji chake hakingoji. Lililogemwa alfajiri huwa tamu asubuhi, jioni likawa kali, na siku ya pili likaelekea kuwa siki. Divai nyekundu imejijengea sifa iliyo kinyume, na ndiyo sababu baadhi ya wakazi wa Makupa, Mombasa, huiweka chupa waliyotunukiwa juu ya kabati kwa miaka, wakitumaini kwamba itanoga kadiri inavyokaa. Aghalabu matumaini hayo huishia kumwagwa karoni.

Kinachoiwezesha divai kudumu ni tanini, uchachu na kileo. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ile hali ya ulimi kukwaruza baada ya kula bibo au ndizi mbichi. Magome ya mkandaa, mojawapo ya mikoko ya pwani, yamejaa tanini, na mwanzoni mwa karne ya 20 yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Chai isiyotiwa maziwa, yenye tanini pia, huitwa mkandaa vilevile.

Maji ya zabibu nyingi nyeusi hayana rangi. Rangi na tanini hutoka katika maganda, na kwa hivyo divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake. Miaka inapopita ndani ya chupa iliyohifadhiwa vyema, chembe za tanini na za rangi hushikana, hukua, na baadhi yake hutuama chini kama mashapo. Ukakasi hupungua, rangi ya zambarau hugeuka kuwa ya tofali, na harufu ya matunda mabivu huipisha ile ya matunda makavu, ngozi na tumbaku.

Hapo ndipo aina ya zabibu inapoamua. Cabernet Sauvignon ya Bordeaux, Ufaransa, ina punje ndogo zenye ganda nene, na divai yake bora huweza kukaa miongo kadhaa. Nebbiolo ya Italia hutoa divai ya Barolo, ambayo kwa sheria haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa ya mbao. Pinot Noir ina ganda jembamba, ingawa ile ya mashamba bora ya Burgundy hudumu kwa nguvu ya uchachu wake. Gamay ya Beaujolais, kwa sehemu kubwa, hunywewa ikiwa changa, na divai nyingi nyekundu duniani ni za namna hiyo: zimetengenezwa zinywewe katika miaka michache ya kwanza.

Lakini hata Barolo haiwezi kuzeekea kabatini Makupa. Divai huhifadhiwa gizani, chupa ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke, katika joto la nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi lisilobadilikabadilika. Mombasa, mchana wa Machi hufikia nyuzi 32. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, mabadiliko mengi ya kikemikali huenda kasi takriban maradufu, na yale yanayoharibu huyatangulia yale yanayonogesha. Divai hutanuka, hukisukuma kizibo, hewa hupenya, na ladha huwa ya jemu iliyopikwa kupita kiasi.

Madhara huweza kuanza hata kabla ya dukani. Kontena linaloshushwa Kilindini bila mtambo wa baridi likiachwa juani hugeuka tanuri.

Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni wa mavuno, si wa kutiwa chupani. Kwa mnunuzi wa kisiwani, mwaka wa karibuni ndio salama zaidi, na chupa kongwe iliyokaa rafuni karibu na dirisha haistahili bei ya ziada, hata jina lake liwe kubwa namna gani. Kizibo kilichochomoza, au michirizi iliyokauka shingoni, ni onyo tosha. Friji ya kawaida, ingawa ni baridi kupita kiasi, ni afadhali kuliko kabati. Chupa itolewe nusu saa kabla ya kunywewa.