Chujio la Samaki Lageuzwa Shamba la Mwani

Mtu akifagia nyumba yake kila asubuhi, takataka akazikusanya nyuma ya mlango asizitoe nje, je, nyumba hiyo ni safi? Kwa macho ni safi. Lakini baada ya siku chache harufu itamwambia ukweli. Mambo ni hayo hayo kwa watu wafugao samaki wa baharini ndani ya nyumba. Leo twataka kuwaeleza jinsi baadhi yao walivyopata dawa ya taabu hiyo kwa gharama ndogo.

BAHARI NDANI YA KIOO

Huko Marekani na Ulaya wako watu wengi wanaofuga samaki wa baharini katika tangi la kioo sebuleni. Hawawafugi kwa kitoweo, bali kwa kuwatazama tu. Wengine wanakaa mbali sana na bahari. Hununua chumvi maalumu na kuikoroga katika maji safi mpaka kila lita iwe na chumvi kiasi cha gramu 35, kama ilivyo baharini. Tena huyatia maji joto kwa umeme, yawe na uvuguvugu wa digrii 25 hivi.

Samaki wenyewe hutoka mbali. Wengi hutoka Indonesia na Filipino, na wengine hukamatwa na wavuvi wa pwani ya Kenya, wakasafirishwa kwa ndege wangali hai ndani ya mifuko ya maji. Basi habari hii si ya wageni peke yao. Samaki akifa kwa uchafu katika kioo huko ng'ambo, mwenye tangi hutafuta mwingine wa kushika nafasi yake, na huyo naye hana budi kutolewa mwambani.

KAZI YA CHUJIO

Wenye matangi madogo hutumia chujio la kuning'iniza. Ni kisanduku cha plastiki kinachotundikwa nyuma ya tangi. Mrija hufyonza maji, pampu ndogo ya umeme huyasukuma kutoka chini, nayo hupenya sponji na makaa, kisha humwagika tena tangini. Maji hurudi meupe ya kupendeza.

Lakini tazama vizuri. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula yaliyonaswa na sponji hayajaondoka. Bado yamo ndani ya maji yale yale, yanaoza. Yakioza hutoa amonia, nayo ni sumu kali kwa samaki. Kwa bahati njema kuna bakteria wanaoishi katika sponji na katika mawe ya tangi. Aina moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haiui upesi, ila hapo ndipo safari inapokoma. Huzidi wiki hata wiki, matumbawe hudhoofika, na ukoga wa kijani hufunika mawe na vioo. Dawa ya siku zote ni kumwaga sehemu ya maji na kutia mapya.

Mkulima akisikia jina la nitrati atalitambua mara moja, maana ndiyo mbolea! Kinachomdhuru samaki ndicho kinachotamaniwa na mmea. Basi kwa nini mmea usiletwe uje kula?

KIMBILIO NI NINI?

Ndivyo wafugaji hao walivyofanya. Walitenga mahali padogo, maji yale yale ya tangi yakipita humo, wakapanda mwani. Mahali hapo walipaita refugiamu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kimbilio. Wazee wetu waliokariri litania kwa Kilatini hawatalishangaa neno hilo.

Kwa nini kimbilio? Kwa sababu katikati ya mwani huzaliana vijidudu vidogo sana, jamaa za kaa na kamba, ambao wataalamu huwaita kopepodi. Tangini samaki wangewamaliza siku ile ile. Humo hakuna samaki, basi huzaana kwa amani, na wanaozidi huchukuliwa na maji mpaka tangini wakawa chakula kibichi. Yuko samaki wa Pasifiki aitwaye mandarini, mwenye rangi ya buluu na ya machungwa kama kitenge kipya. Chakula chake ni vijidudu hivyo, na mara nyingi hukataa chakula cha dukani. Katika tangi lisilo na vijidudu hukonda mpaka akafa, ingawa maji yanang'aa.

JINSI YA KULIGEUZA

Kwanza, litafutwe chujio kubwa kuliko yote yanayoweza kutundikwa kwenye tangi hilo, maana shamba dogo halilishi wengi. Likiwa limekwisha kutumika, lisafishwe kwa siki na maji, lisiguswe na sabuni. Ikiwa lilipata kupitishwa dawa ya shaba inayotibu samaki, afadhali liachwe, kwa kuwa shaba huua vijidudu na konokono.

Pili, sponji na makaa viondolewe. Lakini msifanye haraka! Bakteria wanaokula amonia wamo katika sponji hiyo. Itolewe kipande kimoja, zipite wiki kadhaa, kisha kingine, ili wale walioko katika mawe wapate muda wa kuongezeka. Anayeitupa yote kwa siku moja aweza kuamka akakuta samaki wake wanaelea.

Tatu, chini ya kisanduku viwekwe vipande vya mawe ya matumbawe, na juu yake fumba moja la mwani. Mwani unaopendwa kwa kazi hii ni ule wa nyuzi nyuzi, mgumu kidogo, uliosokotana kama katani. Mahali maji yanapotokea pawekwe wavu, nyuzi zisitoroke.

Nne, mwendo wa maji upunguzwe, ili mwani upate kula na vijidudu visisombwe vyote mara moja. Hapa chujio la kuning'iniza lina faida yake: pampu iko chini, kabla ya shamba. Vijidudu hushuka tangini pamoja na maji bila kupita katika pangaboi na kusagwa.

Tano, taa nyeupe itundikwe juu ya kisanduku. Watu wengi huiwasha usiku, wakati taa ya tangi imezimwa. Sababu yake ni hii: usiku viumbe vyote vya tangini hupumua na kutoa hewa ya ukaa, nayo huongeza ukali wa maji. Mwani ulio katika mwanga huila hewa hiyo, na maji hayabadiliki sana kati ya usiku na mchana. Waya wa taa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie katika umeme.

MAVUNO

Shamba lisilovunwa halina faida. Uchafu umeingia katika mwili wa mwani, lakini mwani ungali majini. Ukifa na kuoza, deni lote hurudi. Kwa hiyo kisanduku kikijaa, nusu ya mwani hutolewa na nusu huachwa ikue tena. Siku hiyo ndipo takataka zimetoka nje ya mlango kweli.

Wala mtu asidanganyike. Kisanduku cha lita chache hakiondoi kazi ya kubadili maji, wala hakitoi ruhusa ya kuongeza samaki, wala peke yake hakimshibishi mandarini. Husaidia kazi, hakiimalizi.

MWANI USITUPWE OVYO

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1984, chini ya jumba la makumbusho ya bahari huko Monaco, palionekana kishamba kidogo cha mwani wa kigeni uitwao kaulerpa, uliokuwa ukipambwa katika matangi. Haukung'olewa mapema. Ukaenea mpaka pwani za Ufaransa, Hispania, Italia na Kroatia, ukifunika majani ya bahari ambamo samaki huzalia. Mwaka 2000 mwani huo huo ulionekana Carlsbad, California. Wenyeji hawakungoja. Waliufunika kwa maturubai wakatia klorini chini yake, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba umekwisha. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni 7.

Kipande kimoja cha kaulerpa chaweza kuwa shamba jipya. Ndiyo sababu mwani uliovunwa, hata ule wa nyuzi, haumwagwi baharini, wala mtoni, wala katika mfereji. Hukaushwa juani mpaka ukafa kabisa, ukafungwa na kutupwa pamoja na takataka za nyumbani. Kwa mwenye tangi ni kazi ya dakika chache tu, na kwa wavuvi ni usalama wa pwani nzima.