"Huyu Kazaliwa Nao": Kipawa, Bidii na Mwezi wa Kuzaliwa

Wapenzi wa kandanda hapa Mombasa tuna neno tulilolizoea. Akitokea kijana wa miaka 12 akawapita wenziwe kama upepo, waliokaa kando ya uwanja husema, "Huyu kazaliwa nao." Na yule mdogo wa umbo, anayesukumwa akaanguka kila mara, huambiwa hana mpira, na shauri lake likaisha hapo.

Sikatai kuwa Mola hugawa vipawa mbalimbali. Nani atakayelikana hilo? Ninalolikataa ni haraka yetu. Mwaka jana mjukuu wa dada yangu alikwenda kujaribiwa na timu moja ya vijana, akaondolewa siku ile ile. Nilipouliza tarehe za kuzaliwa, nikaona kuwa yeye ni wa Disemba, na wengi wa waliochaguliwa ni wa Januari na Februari. Mashindano mengi ya vijana huhesabu umri tangu 1 Januari. Basi wa Januari na wa Disemba huitwa rika moja, hali wamepitana karibu mwaka mzima. (Wale wanaopunguziwa umri kwa makusudi tusiwataje; hilo lina siku yake.) Kwa mtu mzima mwaka si kitu, lakini kwa mtoto ni kimo, ni kifua, ni mbio.

Wataalamu walikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1985, huko Kanada, Roger Barnsley na wenziwe walionyesha kuwa katika ligi kubwa za vijana za mpira wa magongo wa barafuni, waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa wengi mno kuliko wa Oktoba hadi Disemba. Hakuna asemaye kuwa nyota ya Januari ndiyo bora! Mkubwa huchaguliwa, hupewa mkufunzi mwema na mechi nyingi, na baada ya miaka mitatu huwa kweli kamshinda mwenziwe. Kisha sisi twasema, "Si tuliwaambia?"

Wala msiniambie kuwa yule mdogo naye angefanya bidii. Bidii hutaka uwanja.

Mtazameni N'Golo Kanté, aliyezaliwa Paris mwaka 1991. Timu kubwa zilimpita kwa udogo wa umbo lake, naye akabaki katika klabu ndogo ya Suresnes mpaka mwaka 2010, ana miaka 19. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester, 2017 na Chelsea, na 2018 akalichukua Kombe la Dunia na Ufaransa. Watu husifu mapafu yake kana kwamba hayo ndiyo yote. Mimi huitazama ile miaka ya Suresnes, ambako hakufukuzwa.

Chuoni kwetu mwalimu hakumtoa mtoto kwa kuwa mwenziwe kamaliza Juzuu Amma kabla yake. Kila mmoja alikwenda na sura yake, na baadhi ya waliokuwa wazito wa ulimi ndio waliokuja kutusalisha tarawehe.

Huko Uingereza vilabu vikuu vimepata kujaribu mashindano ambayo vijana hupangwa kwa kiasi miili yao ilivyokua, si kwa miaka. Sisi vipimo hivyo hatuna, lakini kalamu na karatasi tunazo. Wakufunzi wetu na waandike mwezi wa kuzaliwa kando ya kila jina, na mtoto wa mwisho wa mwaka asiondolewe kabla hajatimiza miaka 15.