Sarafu ya Mjerumani iliyosuguliwa: inunuliwe au iachwe?

MTU akiokota sarafu ya Mjerumani shambani, kwanza huisugua. Ndimu, majivu, mchanga, wengine hata dawa ya meno, mpaka ing'ae. Anaamini kung'aa kutapandisha bei. Kwa wakusanyaji ni kinyume chake: utando wa rangi uliojengeka kwa miaka mingi ndio ushahidi kwamba sarafu haijachezewa, na ukishatoka haurudi.

Sarafu zinazotafutwa sana zilitengenezwa Tabora mwaka 1916. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya kikoloni ikalazimika kutengeneza zake kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Rupia 15 za dhahabu, zenye tembo aliyeinua mkonga, zilitoka 16,198 tu. Za hela 20 za shaba zilizidi milioni moja. (Neno "hela" tumelirithi kutoka sarafu hizo za Wajerumani.)

Tofauti hiyo ndiyo ya kumwongoza mnunuzi. Hela 20 iliyosuguliwa haina cha kuiokoa: shaba yenyewe ni ya bei ndogo, na nyingine ambazo hazijaguswa bado zinapatikana. Anayeilipia kama nzima atakwama nayo siku ya kuuza. Kama ni kumbukumbu tu ya nyumbani, ainunue, lakini kwa bei ya kumbukumbu.

Rupia 15 ni hesabu nyingine. Ina uzito wa gramu 7.17, robo tatu zikiwa dhahabu safi, yaani gramu 5.4 hivi. Hata ikikwaruzwa, bei haiwezi kushuka chini ya dhahabu iliyomo. Kwa kuwa ni chache, iliyosafishwa yafaa kununuliwa, ilimradi muuzaji akubali kuipunguza. Akidai bei ya isiyoguswa, aachiwe.

Kuitambua si kazi ngumu. Igeuzwe taratibu kwenye mwanga wa jua: mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja ni ya kitambaa au mchanga. Shaba iliyooshwa kwa ndimu huwa na wekundu mbichi, huku uchafu mweusi ukibaki kwenye kona za herufi. Kwa dhahabu, ukingo uangaliwe pia, maana baadhi zilichomelewa kitanzi zikavaliwa shingoni. Kisha ipelekwe kwa sonara ipimwe. Gramu zikipungua sana, ama imekwanguliwa ama ni ya bandia.